Nakili Kwanza, Tengeneza Baadaye

Ndugu zangu mafundi, walimu wa TEHAMA, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za asubuhi. Wazee mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni.

Kabla sijaenda mbali, itazameni mashine iliyo hapa mezani. Kava nimelifungua. Ndani mna diski mbili. Moja ni ya GB 80, ya zile zenye waya mpana kama utepe, imetoka kwenye kompyuta ya ofisi moja ndogo hapa Tanga. Ya pili ni nzima, ya GB 500, ni yangu. Tangu saa moja asubuhi ile ndogo inasomwa sekta baada ya sekta, yaani kipande kidogo baada ya kipande, na kunakiliwa kwenye ile kubwa. Kwenye kioo mnaona asilimia 97.61, na namba hiyo imesimama hapo kwa dakika ishirini sasa. Haijakwama. Imefika penye jeraha, inajaribu kusoma taratibu. Tuiache ifanye kazi, tutairudia.

Leo nina jambo moja la kuwaambia, mengine yote yatalizunguka hilo. Kutengeneza voliumu na kuokoa kazi ya mtu ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi ya kwanza inaiua ya pili. Programu ya kutengeneza haina uchungu na faili za mteja. Yenyewe inachojali ni daftari la diski, yaani orodha ya faili na mahali zilipo, lisijipinge. Ikikuta ukurasa usiosomeka, inaufuta. Daftari linabaki safi, na programu inatangaza kwamba imemaliza, voliumu haina tatizo. Mwenye tatizo sasa ni mteja.

Tuanze na tofauti ambayo mafundi wengi tunaipita mbio. Diski ni chuma: sahani, mota, na vichwa vinavyosoma, vinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde moja. Voliumu si chuma. Voliumu ni mpangilio ulioandikwa juu ya hicho chuma: faili gani iko wapi, nafasi ipi imeshikwa, ipi iko wazi. Diski ile ya GB 80 ina sekta 156,301,488, kila sekta ina baiti 512. Bila daftari, hizo ni baiti tu zilizopangwa mstari mmoja mrefu, hakuna anayejua barua inaanzia wapi na picha inaishia wapi.

Nikiwafundisha vijana mpango wa FAT, ule wa zamani wa kupanga faili kwenye voliumu, huwa nawarudisha mtaani. Kabla ya vibao vya anwani kuja, nyumba zetu za uswahilini hazikuwa na namba. Ukimtafuta mtu unaanzia kwa mjumbe. Mjumbe anakwambia, nenda nyumba ile yenye mwembe. Ukifika pale unaelekezwa nyumba ya pili, ya pili inakuelekeza ya tatu, mpaka mtu wa mwisho anakwambia umefika. FAT ni hivyo hivyo. Jina la faili kwenye folda linakupa kipande cha kwanza tu. Kipande hicho tunakiita klasta. Jedwali linasema baada ya klasta hii nenda ile, baada ya ile nenda nyingine, mpaka alama ya mwisho. Waliotunga mpango huu walijua hatari yake, ndiyo maana jedwali lenyewe limewekwa nakala mbili, bega kwa bega.

Sasa maradhi yake mtayaelewa bila kukariri. Umeme ukikatika wakati mjumbe anaandika, anaweza kuwa ameshaandika kwamba nyumba fulani imepata mpangaji lakini hajaandika mpangaji ni nani. Nyumba ina mtu, mtaani hakuna anayemjua. Hiyo ndiyo klasta iliyopotea. Au njia za wageni wawili zinakutana kwenye nyumba moja, kila mmoja akidai ni yake. Hizo ni faili zilizogongana, na mmoja kati yao lazima akute vitu visivyo vyake. Waliofanya kazi na Windows 95 na 98 wanaikumbuka ScanDisk, ile iliyokuja kwanza na MS-DOS 6.2 mwaka 1993. Ukizima mashine vibaya, ikiwaka inakuja yenyewe na kuanza kuzihesabu nyumba. Zile zisizo na mwenyewe inazikusanya kwenye faili zinazoanza na jina FILE0000 na kuishia na CHK. Wangapi hapa mmewahi kuzifuta zile CHK mkidhani ni takataka? Naona mikono. Ndani ya zile ndimo zilimokuwa barua za watu.

Na kitu kingine kuhusu FAT ambacho kimeokoa wengi: faili ikifutwa, haifutwi. Herufi ya kwanza ya jina lake inabadilishwa kuwa alama E5, na klasta zake zinatangazwa kuwa ziko wazi. Yaliyomo yapo pale pale mpaka aje mpangaji mwingine. Kwa hiyo mteja akikwambia nimefuta kwa bahati mbaya, neno lako la kwanza liwe: zima, usiandike kitu kingine. Asipakue programu ya kurudisha faili akaiweka kwenye diski ile ile. Programu hiyo ndiyo itakuwa mpangaji mpya.

Mpango wa pili ni NTFS. Huu ulikuja na Windows NT mwaka 1993, lakini kwa wengi wetu tulikutana nayo kwenye Windows XP. Hii ina daftari kuu linaloitwa MFT. Kila faili ina ukurasa wake humo, kwa kawaida wa baiti 1,024: jina, tarehe, na mahali vipande vyake vilipo. Faili ndogo sana, labda kanoti ka mistari michache, inakaa humo humo ndani ya ukurasa, haina nyumba nyingine nje. Kurasa nne za mwanzo zina nakala mahali pengine, na sekta ya kuwashia ina nakala yake mwishoni mwa voliumu. Zaidi ya hapo kuna shajara: kabla daftari halijabadilishwa, badiliko linaandikwa kwanza pembeni, ili umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka isome shajara, imalizie au irudishe nyuma.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wanasema NTFS ina shajara, haiharibiki. Shajara inalinda daftari. Haikuahidi kulinda maneno yaliyomo kwenye faili. Ndiyo maana umeme ukirudi unaweza kukuta faili ya katibu iko pale, jina lake lile lile, ukubwa ule ule, ukiifungua hamna kitu, ni sifuri tupu mwanzo hadi mwisho. Daftari lilishaandika kwamba nyumba ipo. Vyombo havikuwa vimefika bado, vilikuwa njiani, kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, umeme ulipoondoka.

Na hapa niwaeleze kisa changu. Nakieleza kwa sababu sitaki kirudiwe na mikono ya mtu mwingine.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa na ujasiri kuliko maarifa, niliitwa kwenye sekondari moja. Mwalimu wa taaluma alikuwa na mashine ya Pentium 4 yenye XP, ndani yake alama za wanafunzi za miaka mitatu. Mashine ilikuwa inawaka taratibu mno, na ukiisogelea unasikia mlio mdogo, tik, kimya, tik. Nilifanya nilichofundishwa: chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kutengeneza voliumu, yenye /r. Mashine ikazima na kuwaka, kikaja kile kioo cha buluu, ikahesabu sekunde kumi kurudi chini ikitupa nafasi ya kubonyeza kitufe tuahirishe. Sikubonyeza. Niliona fahari, naona maandishi yanapita kwa kasi, mstari juu ya mstari, nikamwambia mwalimu, unaona, inatengeneza. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nikaenda kulala.

Asubuhi mashine ilikuwa imemaliza. Ilisema voliumu ni safi, na kweli ilikuwa safi. Folda ya alama haikuwepo. Badala yake kulikuwa na folda mpya iitwayo found.000, imejaa vipande vya CHK visivyo na majina. Ile mistari niliyokuwa naitazama kwa fahari ilikuwa inasema, faili baada ya faili, kwamba ukurasa hausomeki na sasa unaondolewa. Sehemu ya MFT ilikuwa imekaa juu ya sekta zinazokufa. Kama ningenakili kwanza, labda sekta nyingi kati ya hizo zingesomeka kwa jaribio la tatu au la kumi. Mimi nilikuwa nimeipa programu ruhusa ya kuamua kwamba kisichosomeka leo hakipo. Na /r, kwa kuipitia diski yote ikitafuta ubovu, iliikimbiza diski mgonjwa usiku kucha mpaka ikachoka kabisa.

Yule mwalimu hakunigombeza. Alitoa karatasi kwenye kabati, zile alizokuwa nazo, nami nikakaa naye jioni za wiki mbili tukiingiza alama upya, yeye anasoma, mimi naandika. Mwaka mmoja haukupatikana kabisa. Tangu siku hiyo sijatengeneza voliumu yoyote nisiyokuwa na nakala yake.

Sasa tuseme kazi inavyokwenda.

Mteja akifika, usishike bisibisi. Muulize. Ilianza lini? Umeme ulikatika? Ilianguka? Kuna mtu ameshaifungua? Wengi watakwambia ilikuwa nzima, imekufa yenyewe tu. Ukimwuliza mara ya tatu kwa upole anasema, kweli mtoto aliidondosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye diski kifo hakichelewi. Diski iliyoanguka na diski iliyokatikiwa umeme hazitibiwi sawa. Ya pili pengine chuma ni kizima, daftari tu limechafuka. Ya kwanza kila dakika unayoiwasha inaweza kuwa kichwa kinakwaruza sahani.

Kisha isikilize. Ikigonga mfululizo, kwa mdundo mmoja, inazima, inaanza tena, hapo hakuna programu itakayokusaidia. Zima, mwambie mteja ukweli, na mwambie kwamba kuna maabara zenye chumba kisicho na vumbi zinazofanya kazi hiyo, na bei yake ni kubwa. Usiifungue sahani kwenye meza yako. Na ule mtindo wa kuweka diski kwenye friza uacheni kabisa, hasa sisi wa pwani: ukiitoa, unyevu wa hewa yetu unaganda juu ya sahani kama jasho kwenye chupa ya soda.

Kama haigongi, usiiwashe kwa Windows yake yenyewe. Kuwasha tu ni kuandika: kumbukumbu za matukio, faili ya kubadilishana na RAM, tarehe, na huenda ukaguzi wa chkdsk ukajianzisha bila kukuuliza. Itoe, iunganishe kwenye mashine nyingine inayowaka kwa Linux kutoka kwenye CD au flashi, usiifungue voliumu, uisome kwa nje. Soma hali ya afya kwa smartctl, programu inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe. Kuna namba nne ninazozitazama kwanza. Ya 5 ni sekta zilizokwishahamishwa kwa ubovu. Ya 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, diski imeshindwa kuzisoma lakini haijazikatia tamaa. Ya 198 ni zilizoshindikana. Ya 199, hii ipendeni sana, ni makosa ya njiani kati ya diski na bodi. Ikiwa 199 inapanda na zile tatu ziko sifuri, diski haina kosa. Badilisha waya. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa sababu ya waya wa utepe uliokunjwa vibaya ndani ya kava.

Baada ya hapo ndipo nakala. Ninayotumia ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, ya bure. Uzuri wake ni tabia yake: ikikuta sekta ngumu haibaki ikiigombania. Inairuka, inavuna kwanza vilivyo rahisi, diski nzima, kisha inarudi kwenye maeneo mabaya na kuyakata vipande vidogo vidogo. Nakala za kawaida za Windows zinafanya kinyume. Zinakutana na kosa la kwanza, zinakaa hapo zikiligonga, na diski inafia mikononi.

Kingine ni faili ndogo ya ramani inayoandikwa wakati kazi inaendelea: hapa nimesoma, hapa nimeruka, hapa nimeshindwa. Umeme ulikatika saa mbili na robo asubuhi hii, nyote mliokuwa hapa mliona feni zikisimama. Mashine hii ilizimika. Uliporudi niliandika amri ile ile, nikaionyesha ramani ile ile, ikaendelea kutoka ilipoishia. Ramani iko kwenye flashi ile nyekundu, haiko kwenye diski mgonjwa. Kwa sisi tunaofanya kazi na umeme wa kuja na kuondoka, ningeitumia programu hii kwa ramani peke yake hata kama isingekuwa na sifa nyingine.

Kuna neno ninalolipenda hapa. Kwenye baadhi ya programu za simu zilizotafsiriwa Kiswahili mmeliona neno chelezo kwa maana ya nakala ya akiba. Lakini watu wa pwani na watu wa ziwani wanajua chelezo ni nini: ni mahali ambapo chombo kinapandishwa kutoka majini ili kitengenezwe. Hakuna fundi wa jahazi anayepigilia kalafati huku mawimbi yanalipiga. Waliolichagua neno hilo, sijui kama walilifikiria hivyo, mimi nalifikiria hivyo kila nikiandika amri ya kunakili.

Nakala ikiwa mkononi, weka diski ya mteja pembeni, iandike jina na tarehe, na ufanye majaribio yako yote kwenye nakala ya nakala. Hapo chkdsk inaruhusiwa. Iendeshe kwanza bila kuipa /f, ile ruhusa ya kutengeneza. Bila hiyo inasoma tu na kukwambia ilichokiona, haibadilishi kitu. Ikianza kulalamika mistari michache, ipe /f. Ikilalamika maelfu ya kurasa za MFT, simama. Hapo ni bora kuzivuta faili moja moja kwa programu ya kuokoa kuliko kuacha daftari lisafishwe.

Wakati mwingine kilichoharibika ni kidogo mno kuliko mshtuko wake. Mashine inasema hakuna mfumo wa kuwasha, au Windows inaomba ruhusa ya kufomati diski yenye kazi ya miaka kumi. Nenda kwenye sekta ya kwanza kabisa. Kwenye diski hizi za zamani mwisho wa sekta hiyo kuna jedwali la baiti 64, nafasi nne za partisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, baiti 16 kila moja, kisha alama mbili za kufungia, 55 na AA. Baiti 64 tu. Virusi, au mkono uliokosea wakati wa kupiga Windows, ukizifuta hizo, GB 80 zinaonekana kama jangwa, na kumbe nyumba zote ziko na watu wake ndani. TestDisk ya Christophe Grenier inapita diskini ikitafuta mianzo ya partisheni, inakuonyesha ilichokipata, inakuruhusu kuzitazama faili kabla hujakubali kuandika. Nimewahi kuirudisha mashine ya duka kwa dakika kumi hivi, mwenye duka akiwa bado anapiga simu kutafuta mkopo wa mashine mpya.

Ikishindikana yote, kuna PhotoRec, ya mtu huyo huyo. Hii haihangaiki na daftari. Inazitazama sekta zenyewe, inajua picha ya JPEG inaanza kwa alama gani, hati ya Word kwa alama gani, na inazikusanya. Majina hayarudi, wala folda, na faili iliyotawanyika vipande vipande huenda ikatoka pungufu. Ni ya mwisho.

Niliitegemea hiyo kwa studio moja ya picha, na kisa chake kina somo kwa kila anayefufua mashine za zamani. Mwenye studio alinunua diski ya GB 160, ikafomatiwa kwenye mashine mpya, ikaonekana nzima. Kisha ikapelekwa kwenye mashine yake ya kazi, XP ile ya mwanzo kabisa, kabla ya toleo la marekebisho la kwanza la mwaka 2002. Miezi ikapita vizuri. Siku moja, katikati ya kuhifadhi picha za harusi, mashine ikagoma, na voliumu ikawa haijulikani.

Sababu ni hesabu. Mfumo wa zamani wa kuzitaja sekta ulikuwa na biti 28, maana yake sekta 268,435,456, ambazo ni GB 137 na kidogo. Diski ikipita hapo na mashine haijui kuhesabu zaidi, sekta inayofuata haiandikwi mbele. Namba inarudi sifuri, na picha ya bibi harusi inaandikwa juu ya mwanzo wa diski, penye jedwali la partisheni na daftari. Chuma kilikuwa kizima, umeme haukukatika, hakuna aliyekosea kubonyeza. Ilikuwa inasubiri ijae tu. Kwa hiyo kabla hujaweka diski kubwa kwenye mashine kongwe, uliza kama bodi inajua mfumo mpya wa biti 48, na Windows iliyomo ina marekebisho yake. Na hizi flashi za bei ya kutupa zinazosema GB 64 na ndani zina 8, ugonjwa wao ni ndugu wa huo: ukizidisha kipimo chake halisi, kinachoandikwa kinapotea au kinakanyaga cha zamani. Zijaribuni kwa kuzijaza na kuzisoma kabla hamjamwekea mtu kazi yake.

Picha zilirudi, maelfu, zikiwa na namba badala ya majina. Mwenye studio na binti yake walizipanga kwa kuzitazama sura.

Kwa wale wenye mashine za Apple za zamani, zile zilizokuwa zikipendwa na wachapaji, niseme kwa ufupi. Mpango wa HFS Plus ulikuja na Mac OS 8.1 mwaka 1998, shajara ikaongezwa mwaka 2002. Daftari lake limepangwa kama mti: shina, matawi, majani, na kila kitu lazima kikae kwa mpangilio wake. Tawi moja likivunjika, majani yote yaliyo juu yake hayafikiki. Disk Utility, programu ya Apple ya kukagua diski, ikikwambia muundo wa nodi, yaani mafundo ya mti huo, si sahihi, ndiyo maana yake. Kichwa cha voliumu kina nakala baiti 1,024 kabla ya mwisho. Ukiwasha ukiwa umeshika Command na S unaingia kwenye kioo cheusi, na fsck -fy inaanza kutengeneza, ila mnajua nitasema nini: baada ya nakala. DiskWarrior ya Alsoft ilipata jina kwa sababu haikuwa inaziba viraka. Ilikuwa inayasoma majani yaliyobaki na kujenga mti mpya kando, kisha inakuonyesha kabla ya kubadilisha. Huo ndio ustaarabu ninaoutaka kwenye kila chombo.

Wa Linux mna mipango ya ext2 na ext3. Kizuizi kikuu (superblock), chenye maelezo ya voliumu nzima, kikiharibika msihangaike, kina nakala kadhaa. Kwenye vizuizi vya kilobaiti 4 ya kwanza iko kwenye kizuizi namba 32768, na e2fsck, programu yao ya kutengeneza, inakubali kuambiwa ianzie hapo. Na folda ya lost+found msiidharau, kama tulivyozidharau zile CHK.

Kisha, diski ikishapona au kubadilishwa, fundi aliyemaliza hapo hajamaliza. Voliumu haikuharibika yenyewe. Fungua kava utazame kapasita za bodi. Za mashine za miaka ya 2000 mwanzoni nyingi zimevimba vichwa kama maandazi, na umeme unaopita hapo hautulii. Pima RAM usiku mzima kwa Memtest86+, maana RAM mbovu inaharibu daftari zuri wakati wa kuliandika, na utalaumu diski tatu mfululizo. Betri ile ndogo ya bodi, CR2032, ibadilishe. Na mteja mwenye mashine ya mezani, kabla hajakulipa, mwambie anunue UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, hata ya mtumba yenye betri mpya. Dakika tano za kuzima kwa utaratibu zinatosha.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini tuhangaike na mashine za Pentium 4 wakati msaada wa XP wenyewe ulikwisha Aprili 2014? Mimi nawajibu kwa wateja wangu. Kwenye mashine hizo kuna mahesabu ya chama cha kuweka na kukopa, kuna orodha ya waliobatizwa, kuna sauti ya mawaidha ya sheikh ambaye ameshatangulia mbele ya haki, kuna alama za vijana ambao leo wanahitaji kuthibitisha kwamba walisoma. Hazikuhamishwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda au fedha. Mwenye mashine akija kwako anakuona wewe ndiye wa mwisho. Ukimpiga Windows mpya ukamrudishia mashine inayowaka haraka, umemlipisha kwa kumpoteza.

Haya, geukeni mezani. Asilimia 99.99. Maeneo mabovu yalikuwa 31 nilipoanza kuzungumza, sasa ni 14, na bado inayakata. Hakuna atakayeigusa mpaka imalize yenyewe. Wenye viti vya mbele sogeeni kidogo, waachieni wale vijana wa nyuma waje waone ramani inavyoandikwa, kisha tutaifungua nakala pamoja, kwa kusoma tu, tuone kama folda ya mhasibu wa ile ofisi imo.